Kuona mati kabla dakika hazijaisha



Tangu watoto waanze kucheza sataranji hapa masomoni kila siku ya posho asubuhi, maulizo yenu yananifuata kila mahali: sokoni, kwenye kikundi cha akiba, hata kwenye foleni ya maji. Wengi mnauliza kama mchezo huu utamletea mtoto chakula. Mama mmoja aliuliza jambo lingine, na swali lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti yake, wa mwaka wa sita wa primeri, alirudi nyumbani akilia kwa sababu wenzake walimwambia: "Ulikuwa umeshinda, ila hukuona." Mama akaniuliza: "Mwalimu, mtu anashindaje bila kuona? Na kama macho yake ni mazima, ni nini kilichomzuia?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi ili na wengine wasome.

Kwa ambao hawajauona mchezo wenyewe: ubao una vyumba 64, vyeupe na vyeusi kwa zamu. Kila upande una vipande 16: mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, askari wanane, na vipande viwili ambavyo Wafaransa wanaviita "fu", yaani mwendawazimu, na Waingereza wanaviita askofu. Nani alimfanya mwendawazimu kuwa askofu, sijui, lakini watoto wanacheka kila mwaka ninapowaambia. Mfalme haliwi kamwe katika mchezo huu. Anatishwa, na kitisho hicho watoto wanakiita "eshe", kama walivyosikia kwa Kifaransa. Akitishwa na hana pa kukimbilia wala wa kumwokoa, hiyo ni mati, na mchezo umekwisha. Neno lenyewe lilitoka Uajemi, "shah mat", mfalme hana la kufanya. Lilipita kwa Waarabu, likafika Ulaya, likarudi kwetu ndani ya vitabu vya Kifaransa. Ndugu zetu wa pwani hawakuhitaji mzunguko huo wote: wao walichukua jina la sataranji moja kwa moja kwa Waarabu.

Sasa ongeza saa. Watoto wetu hawachezi mchezo wa masaa matatu. Kila mmoja anapewa dakika tano, na saa yenye sura mbili inahesabu: ukicheza unaibonyeza, dakika zako zinasimama, za mwenzako zinaanza kukimbia. Sisi hatuna saa ya namna hiyo, tunatumia programu ya telefone. Sheria za kimataifa zinauita mchezo wa dakika 10 au chini blitsi, na ule wa zaidi ya dakika 10 lakini chini ya 60 ni mchezo wa haraka. Katika blitsi, dakika zako zikiisha umeshindwa, hata kama ubao mzima ni wako, isipokuwa mwenzako amebaki na vipande ambavyo haviwezi kabisa kumfunga mfalme.

Basi, binti yule. Mfalme wa mpinzani wake alikuwa amejificha nyuma ya askari watatu, kwenye mstari wa mwisho, vizuri kabisa kama mtu aliyefunga mlango kwa magunia ya makala. Mstari huo ulikuwa unalindwa na mnara mmoja tu. Binti alikuwa na malkia, na nyuma ya malkia, kwenye njia hiyohiyo iliyonyooka, alikuwa na mnara. Zilibaki sekunde kama arobaini kwenye saa yake. Alikuwa akiweza kumpeleka malkia wake hadi mstari wa mwisho na kumtoa aliwe. Mnara wa mpinzani ungelazimika kumla, kwa maana mfalme hakuwa na njia nyingine. Kisha mnara wa binti ungekuja nyuma yake, ungekula mnara ule, na mfalme angebaki amekwama nyuma ya magunia yake mwenyewe. Mati. Hatua mbili.

Binti alimrudisha malkia nyuma ili asiliwe. Alifikiri tena, akacheza tena, akafikiri, na dakika zikaisha.

Jambo la kwanza ninalotaka kumwambia mama yake ni kwamba mtoto huyo alifanya kile tunachowafundisha watoto wote: tunza kitu cha thamani. Malkia ndiye kipande chenye nguvu kuliko vyote. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ambapo kila franka inahesabiwa hamtoi malkia hivihivi. Ili amtoe, ni lazima awe na hakika ya kitakachofuata. Na hakika hiyo haiji kwa ujasiri.

Hapa ndipo kuna tofauti ambayo hata wachezaji wa miaka mingi wanaichanganya. Kuna mati ya kuombea na kuna mati ya lazima. Watoto wote wanapoanza wanapenda ile Wafaransa wanayoiita mati ya mchungaji: malkia na fu wanakwenda pamoja kumvamia askari dhaifu aliye kando ya mfalme, na kwa hatua nne mchezo umekwisha. Inapendeza sana ikifanikiwa. Lakini inafanikiwa tu kama mwenzako amelala. Akiwa macho, anakuzuia kwa hatua moja, kisha anamfukuza malkia wako huku na huku wakati yeye anatoa vipande vyake nje. Hiyo ni ya kuombea. Mati ya lazima ni ile ambayo unaweza kumwambia mpinzani: "Fanya utakalo. Ukienda kushoto nitakufunga kwa mnara, ukienda kulia nitakufunga kwa farasi." Haimtegemei yeye kukosea. Mimi kama mwalimu ningependa mtoto ashindwe mara kumi akitafuta ya lazima kuliko ashinde mara kumi kwa ile ya mchungaji, maana ya mchungaji humfundisha kungoja ujinga wa mwenzake.

Mtoto ataijuaje ya lazima ndani ya sekunde arobaini? Hawezi kuhesabu kila kitu. Katikati ya mchezo, mara nyingi mchezaji ana hatua thelathini au zaidi anazoweza kucheza, na kwa kila moja mpinzani ana majibu mengine thelathini. Ukizidisha, ni karibu elfu moja kabla hata hujafika hatua yako ya pili. Kwa hiyo tunawafundisha kutohesabu kila kitu. Tunawafundisha kuanza na hatua za eshe peke yake. Je, kuna hatua ninayoweza kucheza sasa hivi inayomtisha mfalme? Kwa kawaida zipo mbili, tatu, pengine nne. Na mfalme akipigwa eshe, mwenzako hawezi kufanya anachotaka. Ana majibu ya aina tatu tu: kukimbia, kuziba, au kumla anayetisha. Watoto wangu wanaimba maneno hayo kama vile wanavyoimba tabulo ya kuzidisha: kukimbia, kuziba, kula! Kama yote matatu hayawezekani, ni mati. Kama linawezekana moja tu, basi wewe ndiye unayemwongoza mwenzako kwa mkono, na unaweza kutazama mbele bila kupotea.

Ndiyo maana binti yule, kama angeuliza "nina eshe zipi?", angekuta eshe mbili tu. Moja ilikuwa ya kumla askari mbele ya mfalme, ambayo haikuwa na maana. Nyingine ilikuwa ile ya malkia mstari wa mwisho. Mfalme akimbie? Hana chumba. Azibe? Hakuna wa kuziba. Ale? Ndiyo, mnara unaweza kula, lakini ni mnara huo tu. Kisha swali lilelile mara ya pili, na jibu limetoka. Sekunde kumi na tano zinatosha. Si lazima uwe na akili ya ajabu. Ni lazima uulize swali la haki kwa mpango wa haki, na woga wa kumpoteza malkia uje baadaye.

Hata hivyo nisiwadanganye. Mchezaji mzuri wa blitsi haulizi maswali hayo moja moja. Yeye anaona. Wamama wanaouza maharagwe wataelewa: mnatia mkono kwenye gunia, na kabla ya kusema neno mnajua kama ni ya msimu huu au yamekaa ghalani. Mtu mwingine akiwauliza mmejuaje, mnaanza kutafuta maneno. Mwaka 1973 wachunguzi wawili wa Marekani, Chase na Simon, walimwonyesha bingwa wa sataranji ubao kwa sekunde tano tu, kisha wakamwomba apange vipande kwa kukumbuka. Alipanga vingi sana kuliko mchezaji anayeanza. Kisha wakamwaga vipande ovyo ovyo, bila mpangilio wa mchezo wa kweli, na bingwa akawa karibu sawa na yule anayeanza. Kumbe hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko wengine. Alikuwa na picha nyingi za mpangilio ambao alishauona mara nyingi, na ubao uliomwagwa ovyo haukufanana na picha yoyote.

Na picha hizo za mati zina majina, kama vile shona za kitenge zinavyokuwa na majina. Ile ya binti, mfalme aliyejifungia nyuma ya askari wake, Wafaransa wanaiita mati ya ujia. Ipo ile ya minara miwili inayomsukuma mfalme hadi ukingoni, kama wamama wawili wanavyomsukuma kuku kuelekea kona ya ua: mmoja anashika mstari ili kuku asirudi, mwingine anasogea mbele, kisha wanabadilishana. Na ipo ninayoipenda kuliko zote, mati ya kukosa pumzi. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe pande zote, hawezi hata kugeuka, na farasi ndiye kipande pekee kinachoweza kuruka juu ya wengine. Anaruka na kumtisha kutoka mahali ambapo hakuna anayeweza kumfikia. Mhispania Lucena aliiandika katika kitabu chake mwaka 1497, na tangu siku hizo watoto wanaicheza wakidhani wameibuni wao.

Picha zinaingiaje kichwani? Kwa kurudia. Huko Hungaria kulikuwa na mume na mke, wote wawili walimu, László na Klára Polgár. Waliamua kuwafundisha mabinti wao watatu nyumbani, na somo kubwa lilikuwa sataranji. Watu waliwasema sana, na serikali pia haikufurahi mwanzoni. Mwaka 1994 baba huyo alitoa kitabu cha mazoezi 5334. Nataka mtazame hesabu yake, maana mimi nilipoiona nilikaa kimya: mazoezi 306 ni mati ya hatua moja, 3412 ni mati ya hatua mbili, 744 ni ya hatua tatu. Yaani kwa kila mazoezi kumi, zaidi ya nane ni kutafuta mati fupi, tena na tena na tena. Binti mdogo, Judit, alipata cheo cha juu kabisa cha mchezo huu mwezi wa Desemba 1991 akiwa na miaka 15 na miezi 4, akavunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer iliyosimama tangu 1958. Mwaka 2002 mjini Moscow, katika mchezo wa haraka, alimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa nambari moja duniani na aliyewahi kuwadharau wanawake wachezaji hadharani. Sisemi kila mama awatoe watoto masomoni na kuwafungia na ubao. Kwa maoni yangu mtoto anahitaji pia kuruka kamba. Nataka mwone tu jicho linavyotengenezwa.

Hata walio juu kabisa wanategemea kitu hichohicho. Tarehe 30 Novemba 2016 huko New York, Magnus Carlsen wa Norwe na Sergey Karjakin wa Urusi walikuwa wamecheza michezo 12 ya kuwania ubingwa wa dunia na kufungana sita kwa sita. Wakaamuliwa kwa michezo minne ya haraka, kila mmoja na dakika 25, na sekunde 10 za kuongezwa kwa kila hatua. Mchezo wa mwisho Carlsen alimaliza kwa kumtupa malkia wake moja kwa moja mbele ya mfalme wa mpinzani. Mfalme akimla malkia, mnara mmoja unampiga mati. Askari akimla, mnara wa pili unampiga mati. Hakuna jibu la tatu. Karjakin alinyosha mkono. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Carlsen, alikuwa anatimiza miaka 26. Mkitazama vizuri, ni hatua ya aina ileile ambayo binti wa mwaka wa sita aliikosa: malkia anatolewa kwa sababu majibu ya mpinzani yamehesabiwa yote na kila moja linaishia mati.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: ni nini kilichomzuia?

Kwenye kikundi chetu wavulana na wasichana walianza siku moja, na somo la kwanza lilikuwa moja kwa wote. Miezi miwili ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Wasichana wengine walikuwa mbele, kwa kuwa wanasikiliza. Kisha tofauti ikaanza kuonekana, na ilionekana kwenye saa tu. Tukicheza bila saa, wasichana wanaona mati kama wavulana. Tukiweka dakika tano, wavulana wanaona na wasichana wanaishiwa dakika. Nikafikiri labda ni woga. Nikawauliza wote, mmoja mmoja, wanafanya nini wakitoka masomoni. Wavulana walisema wanacheza barabarani, mbele ya duka, wamechora ubao kwenye karatasi ya katoni na vipande ni vifuniko vya chupa walivyoandika kwa kalamu. Wanacheza hadi giza liingie. Wasichana walisema wanachota maji, wanawasha makala, wanatwanga sombe, wanaosha wadogo. Wanaucheza mchezo siku ya posho tu, nao si wote, kwa kuwa siku ya posho ni siku ya kufua.

Mvulana amekwisha kuiona mati ya ujia mara mia mbili. Msichana ameiona mara nane. Dakika tano haziwezi kuwapima sawa.

Najua mtasema kazi za nyumba hazijifanyi. Kweli hazijifanyi, na mimi mwenyewe ninatoka darasani nikaingia jikoni. Wala sisemi msichana asichote maji. Ninasema kwamba kaka yake naye ana mikono miwili na anajua njia ya bomba. Katika nyumba nyingi za mtaa wetu ninaoingia, anayepanga nani atachota na nani atakwenda kucheza ni sisi wamama. Baba mara nyingi hajui hata ni nani aliyechota.

Mama mwingine alisema jambo ambalo lazima nilijibu kwa ukweli: kwamba aliambiwa sataranji inaongeza alama za hesabu, ndiyo maana alimleta mtoto. Aliyemwambia hivyo aliahidi asichoweza kutoa. Mwaka 2016 kulitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Uingereza katika shule 100. Nusu ya shule zilipewa masomo ya sataranji, nusu hazikupewa, na mwaka mmoja baadaye alama za hesabu za watoto hazikuwa na tofauti. Mtoto akifanya vibaya katika hesabu, afundishwe hesabu. Mimi simpi mtoto sataranji kama dawa ya kitu kingine. Ninampa kwa sababu ni mahali ambapo msichana wa miaka kumi na moja anaweza kukaa mbele ya mvulana wa miaka kumi na tano, akamwambia kwa vipande, bila kupiga kelele, kwamba hana pa kukimbilia. Mahali pa namna hiyo si pengi kwake.

Wengine mnamkumbuka Phiona Mutesi wa jirani zetu Uganda. Alikulia Katwe, mtaa wa shida mjini Kampala, na mama yake alikuwa akihangaika kwa biashara ndogo ya sokoni. Phiona alimfuata kaka yake kwa mwalimu Robert Katende, ambaye aliwapa watoto kikombe cha uji kabla ya mchezo, na aliyemwonyesha vipande vinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Urusi. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2016, na Lupita Nyong'o wa Kenya ndiye aliyecheza kama mama yake. Katika filamu hiyo utaona mama anayekataa kwanza, kwa sababu zilezile mnazonitajia mimi kwenye foleni ya maji, naye si mama mbaya.

Basi hiki ndicho ninachoomba. Baada ya bugali, sahani zikiwa bado mezani, dakika kumi. Si lazima mama ajue mchezo, wala asome Kifaransa. Ubao wa katoni unatosha, na vipande viwe maharagwe, mahindi na vifuniko, mradi mtoto mwenyewe anakumbuka kipi ni kipi. Mimi nitawapa mazoezi kwenye karatasi kila juma, mawili au matatu. Mtoto anapanga, na mama anauliza maswali mawili tu: "Una eshe zipi?" na "Akipigwa, anakimbilia wapi, anaziba na nini, anakula na nani?" Mama akisikia mtoto anajibu "nadhani", amwambie apange tena. Mkiwa na telefone yenye mega, zipo programu za bure zenye mazoezi ya mati bila mwisho, lakini mimi napenda zaidi katoni: kwenye telefone vidole vinakwenda mbele ya macho, na mtoto anajaribu hatua zote mpaka telefone ikubali.

Na siku ya posho, saa mbili hadi saa nne asubuhi, nguo zingoje. Masaa mawili. Kama haiwezekani kila juma, iwe mara mbili kwa mwezi, lakini tuambiane mapema ili nisimtoe mtoto kwenye orodha. Mwisho wa trimestre tutacheza na masomo mengine mawili ya mtaa, dakika tano kwa kila mtoto. Kwa sasa nina majina ya wavulana kumi na mmoja na wasichana wanne. Binti yule wa mwaka wa sita ni mmoja wa wale wanne. Mama yake alimwacha arudi.

Zoezi la juma hili ni kwa wote wawili, mama na mtoto. Vyumba vinahesabiwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto, na nambari 1 hadi 8 kutoka upande wa mweupe. Mweupe: mfalme g1, malkia c4, farasi h6, askari f2, g2 na h2. Mweusi: mfalme h8, malkia b6, mnara f8, askari g7 na h7. Ni zamu ya mweupe. Farasi wake yuko karibu kuliwa na askari wa g7, na malkia mweusi anamtazama askari wa f2 kwa jicho baya, kwa hiyo hakuna nafasi ya kupumzika. Kuna mati ya lazima ya hatua mbili. Itafuteni kwanza bila saa. Mkishaipata, pangeni upya, mpeni mtoto mwingine wa nyumba ambaye hajaiona, na mhesabu hadi arobaini. Jibu litatoka juma lijalo.